Kumpima Mtu kwa Kazi Yake ya Kwanza

Twataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo kwa nje laonekana kuwa la mchezo tu, lakini ndani yake limo jambo la haki. Tukitazama kazi ya kwanza ya mtu aliyekuja kuwa mashuhuri baadaye, tukasema, "Tazameni, alikuwa hodari tangu siku ya kwanza," je, tumeuona kweli huo uhodari, au twausema kwa sababu habari yake twaijua mpaka mwisho?

Swali hili limetufikia kwa njia ya sinema. Hapa Kolwezi, kama katika miji yote ya shaba toka Likasi mpaka Lubumbashi, wamo vijana wanaopenda sinema za zamani, zile zisizo na rangi, nao huzitazama katika simu zao. Babu zao walitazama sinema usiku katika kambi za Union Minière na katika viwanja vya misioni. Na kule Léopoldville, miaka ya 1950, walikuwako vijana walioyapenda mno masimulizi ya wachunga ng'ombe wa Marekani, hata wakajiita Mabili kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa na kutembea kama wao. Mapenzi ya namna hii basi si mageni katika Kongo. Vijana tunaowasema sisi ni wapole kuliko Mabili. Hawamwigi mtu, hubishana tu. Na wanalobishania siku hizi ni sinema ya kwanza ya Bibi Katharine Hepburn, mchezaji wa Marekani, iliyotoka mwaka wa 1932.

Huenda mtu atauliza: Bibi huyo ana nini na watu wa Kolwezi? Jibu ni mto. Maji ya Lualaba yanayopita karibu nasi, yakazuiwa na ukuta wa Nzilo ili kutupatia umeme, hushuka kaskazini, yakapita katika maziwa ya Upemba, yakafika Kongolo na Kindu, kisha Ubundu, mji ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville. Huko, katika mto Ruiki unaoingia Lualaba, Bibi Hepburn alifika mwaka wa 1951 pamoja na Humphrey Bogart, chini ya uongozi wa John Huston, kutengeneza sinema iitwayo The African Queen. Aliugua vibaya tumbo la kuhara, maana yeye alikunywa maji, na wale wanaume wawili walijitegemeza kwa wiski. Baada ya miaka mingi, mwaka wa 1987, alitoa kitabu kizima juu ya safari hiyo, na katika jina lake alisema kwamba nusura apotewe na akili. Kwa hiyo vijana wetu humwona kama mgeni aliyewahi kufika nyumbani, ingawa upande wa chini wa mto. Wakaanza kutafuta sinema zake nyingine, wakarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaifikia ile ya kwanza. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Sinema ile yaitwa A Bill of Divorcement, yaani Hati ya Talaka. Habari yake ni fupi. Ni siku ya Noeli katika nyumba moja ya Uingereza. Mama mwenye nyumba amekwisha kupata talaka, maana mume wake, Hilary, amekaa miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Naye mama yu tayari kuolewa na mwingine. Siku iyo hiyo Hilary anatoroka hospitalini na kurudi kwake, akidhani mambo yote yako kama alivyoyaacha. Anakutana na binti yake, Sydney, aliyekua bila kumjua baba. Binti huyo agundua kwamba ugonjwa ule umo katika ukoo. Basi avunja uchumba wake, amwacha mama yake aende zake, naye abaki na baba. Mwishoni twawaona wawili hao penye kinanda, wakijaribu kumaliza muziki ambao baba aliuacha bila mwisho.

Masimulizi hayo yametoka katika mchezo wa Clemence Dane, mwandishi wa Uingereza, ulioonyeshwa kwanza mwaka wa 1921. Msomaji Mkatoliki ataona mara moja kwamba humo mna mengi ya kuzungumza juu ya ndoa, hata kuujaza ukurasa huu mara mbili. Tunayaacha kwa siku nyingine. Vilevile maisha ya Bibi Hepburn mwenyewe kwa habari ya ndoa si kielelezo tunachotaka kuwapa mabinti zetu, na hakuna haja ya kujifanya hatujui. Leo twamtazama kama mtu aliyeanza kazi.

Vijana wetu basi husemaje? Wamo wanaoshika kwamba katika ile saa moja na dakika kidogo ya sinema mchezaji mkubwa yumo mzima. Waonyesha anavyoshuka ngazi mwanzoni, anavyomtazama baba yake bila kusema neno, anavyosimama wima kama mtu aliyezoea kuamriwa na asitii. Wengine hawaoni hayo. Kwao sauti yake yapasua masikio, maneno yake yakimbia, mikono yake haijui pa kwenda. Wasema anacheza kana kwamba yuko jukwaani mbele ya watu elfu, na huku mashine ya picha iko hatua tatu tu mbele yake. Na wamo wachache, nao si wajinga, wanaosema kwamba sifa si yake hata kidogo: ni ya John Barrymore aliyecheza kama baba, mchezaji mkongwe ambaye mtu yeyote angependeza akisimama karibu naye, na ya George Cukor aliyeiongoza.

Sisi tumeitazama. Kwa habari ya sauti, twakubaliana na wale wa pili. Lakini twaona kwamba makundi yote matatu yanafanya jambo moja bila kulijua: yanaitazama sinema ya mwaka wa 1932 kwa macho ya mtu anayejua yaliyotokea baadaye. Wajua kwamba Bibi huyu alikuja kupata zawadi nne za Oscar za uchezaji, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine, mume au mke, aliyelifikia: ya kwanza kwa sinema ya Morning Glory iliyotoka mwaka mmoja tu baadaye, na ya mwisho kwa On Golden Pond ya mwaka wa 1981. Anayemsifu amsifu akizijua zawadi nne. Anayemlaumu amlaumu kwa sababu amlinganisha na yule yule mwenye zawadi nne. Hakuna hata mmoja anayemwona msichana wa miaka ishirini na mitano asiyejulikana.

Mtu mmoja alimwona hivyo, naye ni Cukor. Yafaa tukae kidogo hapa. Kabla ya kuchaguliwa, Bibi Hepburn alipigwa picha ya majaribio, akicheza kipande cha mchezo uitwao Holiday. Cukor alisimulia baadaye kwamba majaribio yale yalikuwa ya ajabu, wala hayakufanana na ya wengine. Lakini palikuwa na kitendo kimoja kilichomgusa: msichana aliinama akaweka bilauri sakafuni, na wakati huo mgongo wake ulikuwa umeelekea mashine. Ni hicho tu. Uso haukuonekana, hakulia, hakusema neno la maana. Mkubwa wa kazi, David Selznick, alikuwa na mashaka naye, tena msichana mwenyewe alidai mshahara mkubwa sana, dola 1,500 kwa juma. Hata hivyo Cukor alimtaka.

Basi, wasomaji wapenzi, tuwaweke hawa wawili pamoja: Cukor aliyesema mwaka wa 1932, "Huyu atafaa," na kijana wetu anayesema leo, "Huyu alifaa tangu mwanzo." Maneno yafanana sana. Je, ni tendo moja? Sisi twasema siyo. Cukor hakuwa na ushahidi ila bilauri moja. Angalikosea, sinema ingaliharibika, fedha za watu zingalipotea, na jina lake lingalipata doa. Alijiweka hatarini kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kijana wetu hahatarishi kitu. Anasoma hesabu iliyokwisha kujumlishwa na mwingine, na jumla yake haina ubishi. Hatusemi kwamba atenda vibaya. Kumbukumbu njema ni jambo zuri, na mapenzi ya sinema hayamdhuru mtu. Ila asidhani kwamba ameonyesha macho makali. Macho makali huhitajika mbele ya mtu ambaye mwisho wake bado haujajulikana, na watu wa namna hiyo, hapa Kolwezi, tunao wengi.

Lakini kwanza kuna shida katika hilo neno "kwanza". Sinema ya mwaka wa 1932 ilikuwa sinema ya kwanza ya Bibi Hepburn. Haikuwa kazi yake ya kwanza. Mwaka wa 1928 alipewa nafasi kubwa katika mchezo wa jukwaani uitwao The Big Pond. Alicheza usiku mmoja, akasema maneno mbiombio hata watu wasimwelewe, akafukuzwa. Na hiyo haikuwa mara ya mwisho kufukuzwa. Michezo ile imepotea hewani. Waliomwona usiku ule wamekufa, na hakuna simu iwezayo kutuonyesha alivyosimama. Kwa hiyo ile tunayoiita siku yake ya kwanza ni siku ya mtu aliyekwisha kuanguka na kuinuka mara kadhaa. Tunashangaa kwamba hakuanguka, kwa sababu maanguko yake hayakupigwa picha.

Jambo lile lile latokea kwa Hepburn mwingine. Vijana huwachanganya hawa wawili, nao hawana udugu: Bibi Audrey Hepburn alizaliwa Brussels mwaka wa 1929. Huyu naye alifika katika mto wetu, maana mwanzoni mwa mwaka wa 1958 alikuwa Stanleyville, yaani Kisangani, akitengeneza sinema ya The Nun's Story, habari ya sista Mbelgiji mwuguzi. Wapenzi wake husema kwamba sinema yake ya kwanza ni Roman Holiday ya mwaka wa 1953, iliyompatia Oscar, na hata maandishi ya mwanzo ya sinema hiyo yamtambulisha kama mgeni. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1948 alikuwa amekwisha kuonekana katika sinema ndogo ya Uholanzi, akicheza kama mtumishi wa ndege, na baada ya hapo akapewa nafasi ndogo ndogo katika sinema za Uingereza, nyingine za kupita tu mlangoni. Hakuna anayebishana juu ya yule mtumishi wa ndege. Sisi watu hupenda mwanzo uwe mzuri. Tusipoupata, twauchagua mwingine.

Katika nchi yetu kuna mwanzo mmoja uliohifadhiwa vema, nao watufundisha jambo. Mwaka wa 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliimbisha Misa Luba kwa kundi la wavulana na walimu wa shule. Sehemu nyingi za Misa ile hazikuandikwa kwanza. Waimbaji walizitunga wakiimba, kila mara kwa namna tofauti kidogo, kama wafanyavyo watu wa Katanga tangu zamani. Wakaenda Ulaya mwaka uo huo, wakaimba katika Maonyesho ya Brussels, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Toka hapo dunia huijua Misa Luba kwa namna moja tu, ile ya sahani. Mwaka wa 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akaitia Sanctus yake katika sinema yake iitwayo if...., na sinema hiyo ndiyo ya kwanza kumwonyesha Malcolm McDowell. Hivyo sauti za wana wa Kamina zimo katika siku ya kwanza ya mchezaji mwingine mashuhuri, jambo ambalo wapenzi wa sinema wa Kolwezi walipolisikia walifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani.

Chombo cha kunasa sauti na mashine ya picha hufanya hivyo: hushika dakika moja katika maisha ya mtu, kisha hairuhusu kukua. Mtu mwenyewe ameendelea, amejifunza, amezeeka, amekufa. Bibi Hepburn alikufa tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Lakini Sydney bado ashuka ngazi ile ile, mikono yake haijui pa kwenda, na kila mwenye simu amhukumu. Zamani hukumu hii iliwapata wachezaji wachache tu. Leo kila mtoto anayeimba vibaya katika sherehe ya shule hupigwa picha, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima umemwona, hata jamaa walioko Lubumbashi.

Hapo ndipo twaona jambo lenyewe lilivyo zito. Watu wa Kolwezi twajua sana kupima vitu. Mchimbaji akiokota jiwe, kwa rangi tu hujua kama ni malakiti ya kijani yenye shaba, au ni lile jeusi lenye kobalti. Tena twajua kwamba kipimo chaweza kubadilika. Yale mabaki yaliyotupwa na kiwanda cha kusafishia madini tangu wakati wa Union Minière, pale Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, leo yanachukuliwa tena, na hutolewa shaba na kobalti. Walioyatupa hawakuwa wapumbavu. Walichukua walichoweza kukichukua kwa vyombo vya siku zile. Mfano huu ni mzuri, na wahubiri kadha wa kadha wamekwisha kuutumia. Ila una upungufu mmoja. Jiwe halisikii. Ukilitupa ukasema halina kitu, kobalti yake yabaki ndani yake vilevile, ikingoja miaka hamsini. Mtu husikia. Ukimwambia siku ya kwanza kwamba hana kitu, huenda kile alichokuwa nacho kikafa kwa sababu ya neno lako, kisha wewe ukasema, "Nilijua." Hukumu juu ya jiwe haiwezi kulibadilisha jiwe. Hukumu juu ya anayeanza hugeuka kuwa mojawapo ya sababu za kuwa kwake.

Tuliona jambo la namna hii katika parokia moja ambayo hatutaitaja. Binti wa miaka kumi na sita alipewa kusoma somo la kwanza katika Misa ya Jumapili. Somo lilikuwa la Nabii Ezekieli, lenye majina magumu. Alianza vema, akafika penye jina moja akajikwaa, akarudia, akajikwaa tena. Katika viti vya nyuma watu wakacheka. Hawakucheka sana, wala hawakuwa watu wabaya. Mmoja alicheka, na kicheko huambukiza. Binti akamaliza somo kwa sauti ambayo hata walioketi mbele hawakuisikia. Waliokuwa karibu na kipaza sauti walisema kwamba kabla ya kufika kwenye jina lile alikuwa akisoma vizuri kuliko wasomaji wengi wa zamani, akituliza sauti penye nukta na kuinua macho. Hakuna aliyemwambia hayo. Tangu siku ile hakusoma tena.

Na labda katika viti vile vya nyuma alikuwako kijana mmojawapo wa wale wapenzi wa sinema, ambaye jioni yake alikaa na rafiki zake akieleza kwa ufasaha jinsi Cukor alivyoiona bilauri.

Mtu atatuambia: Je, mwataka tusifu kila kitu? Kila anayejikwaa tumwambie amefanya vema? La, hasha. Sifa ya uwongo ni hukumu ya namna nyingine, maana humwacha mtu pale alipo. Tunajua familia ambazo kila mtoto ni mwimbaji mkubwa mpaka siku anapoimba mbele ya watu wengine. Yule aliyemfukuza Bibi Hepburn mwaka wa 1928 huenda alikuwa na haki. Mtu akisema mbiombio hata asisikike, watazamaji waliolipa fedha zao wametendewa vibaya. Kusema "hukusikika" ni kweli, nayo yapasa kusemwa. Kusema "hutasikika kamwe" ni utabiri, na mwenye kuusema hakupewa na mtu. Twaona kwamba watu wengi huanza na neno la kwanza, na kabla hawajafunga kinywa wamekwisha kufika kwenye la pili, bila kujua kwamba wamevuka mpaka.

Mtakatifu Paulo mwenyewe aliufikia mpaka huu. Katika safari ile ya kwanza alifuatana na Barnaba, na kijana Yohane aitwaye Marko akawa msaidizi wao. Walipofika Perge, Marko akawaacha akarudi Yerusalemu. Kitabu cha Matendo hakisemi kwa nini. Walipotaka kusafiri mara ya pili, Barnaba alimtaka Marko tena; Paulo akakataa, maana aliwaacha kazini. Wakagombana mpaka wakatengana, Paulo akaenda njia yake, naye Barnaba akamchukua Marko wakavuka bahari mpaka Kipro. Tukubali kwamba Paulo hakusema uwongo: Marko kweli aliwaacha. Mwenye kazi kubwa ana haki ya kuchagua watu wa kutegemewa. Lakini mzee Paulo, akiwa kifungoni na karibu kufa, alimwandikia Timoteo amlete Marko, kwa kuwa amfaa katika utumishi. Na Marko huyo ndiye tuliyepokea kwake Injili, na ndiye ambaye Wakristo wa Misri humheshimu kama baba wa Kanisa lao la Aleksandria. Barnaba hakuwa na ushahidi wowote wakati ule. Alikuwa na undugu tu, maana Marko alikuwa jamaa yake, na moyo wa kungoja. Wengine watasema alipendelea ndugu. Huenda. Hata hivyo kijana alipata safari ya pili, na bila safari ya pili hatungalijua chochote juu yake ila kwamba alirudi nyumbani.

Wanaozungumza juu ya mwanzo wa watu wakubwa husahau kwamba mwanzo hauji mara moja tu. Mwaka wa 1938 wenye nyumba za sinema za Marekani walitangaza orodha ya wachezaji waliowaita sumu ya mlango wa tiketi, na jina la Bibi Hepburn lilikuwamo. Miaka minne tu tangu Oscar ya kwanza! Akarudi jukwaani, akaanza upya. Kisha alipofika huku kwetu mwaka wa 1951, akiwa na miaka 44, na kazi ya karibu miaka ishirini nyuma yake, Huston alimwona akimcheza Rose, yule dada wa mmisionari, kwa uso wa huzuni mno. Alimwendea akampa shauri dogo: amcheze kama Bibi Eleanor Roosevelt anapowatembelea askari wagonjwa, yaani kwa tabasamu ya mtu wa heshima. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakupata kupewa shauri zuri kuliko hilo. Watazameni: mchezaji mwenye jina, mgonjwa wa tumbo, katika joto la Ruiki, akikubali kufundishwa kama mwanafunzi. Sisi, kama tungelazimishwa kuchagua siku moja ya kumsifu, tungechagua hiyo na kuiacha ile ya ngazi.

Na kama tungelazimishwa kumsifu mtu mwingine katika habari hii, tungemsifu Cukor, tena kwa jambo lililo mbali na bilauri. Kuona bilauri ni kipaji, na kipaji si cha kila mtu. Lakini mwaka wa 1935 hao wawili walitengeneza sinema ya Sylvia Scarlett, ikaanguka vibaya, watu wakatoka kabla haijaisha. Cukor hakumwacha. Waliendelea kufanya kazi pamoja mpaka sinema kumi, mbili za mwisho zikiwa za televisheni, na ya kumi ilitoka mwaka wa 1979. Ni miaka arobaini na saba tangu Hati ya Talaka. Yule aliyesema "huyu atafaa" aliona ni wajibu wake kukaa na neno lake, hata katika miaka ambayo lilionekana kuwa si kweli.

Katika parokia ile tuliyoisema yuko mzee mmoja, mkubwa wa wasomaji, aliyestaafu kazi ya Gécamines. Hakuwahi kusikia jina la Cukor, na sinema hazimpendezi. Baada ya ile Jumapili alikwenda nyumbani kwa yule binti. Mama yake akasema yuko sokoni. Akaenda mara ya pili, akaambiwa yuko kwa shangazi yake, na aliona viatu vyake mlangoni. Akaketi akanywa maji, akazungumza na mama mtu habari za mvua, akaacha kitabu cha masomo mezani chenye alama katika ukurasa wa Ezekieli, na yale majina magumu ameyaandika kwa penseli pembeni, yamekatwa silabi kwa silabi. Tulipomwuliza kama atakwenda tena, alisema atakwenda Jumamosi, baada ya kuteka maji.